Sita ya Nahodha: uchambuzi wa mazungumzo ya barazani na mtu mwenye afasia

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea alasiri moja ya mwezi wa Julai, kwenye baraza la mawe lililo nje ya nyumba ya mjomba wangu, mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Simu niliyorekodia inaonyesha dakika 11 na sekunde kadhaa. Kabla ya dakika hizo mjomba alikuwa amekaa siku nne nyumbani kwake akilirudia neno moja, "sita", na sisi jamaa zake tukimjibu kwa dawa, kwa chakula, kwa pesa, na hatimaye kwa kumwomba apumzike. Neno hilo hilo lilifahamika barazani. Msamiati wake haukuwa umeongezeka tangu asubuhi. Kilichobadilika kilikuwa upande wa wasikilizaji, na huko ndiko nitakakoelekeza maelezo yangu.

Jina lake sitalitaja. Mtaani ni Nahodha, nami nitamwita hivyo. Kwa zaidi ya miaka 30 aliongoza majahazi ya mizigo, akipakia boriti na makuti, na hata katika siku zake za afya alijulikana kwa maneno machache na sauti kubwa. Kiharusi kilimpata mwaka mmoja na nusu kabla ya alasiri hiyo. Kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, kikaondoka na sehemu kubwa ya maneno yake. Katika hospitali ya kwanza tuliyompeleka tuliambiwa kwamba usemi utarudi wenyewe, tuwe na subira, wala hatukuambiwa kuwa hali ile ina jina.

Jina lake ni afasia, yaani kupotea au kupungua kwa lugha baada ya ubongo kudhurika. Takriban thuluthi moja ya watu wanaopatwa na kiharusi huipata kwa kiwango fulani. Kwa walio wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio unaotawala mkono na mguu wa kulia, na ndiyo maana mara nyingi mtu hupooza kulia na kukatikiwa na maneno kwa mpigo mmoja. Akili, kumbukumbu ya watu na uwezo wa kupima mambo vinaweza kubaki. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kila alipoulizwa jambo alijibu "tan", kwa kawaida mara mbili mfululizo, hata akabandikwa silabi hiyo kuwa jina. Mgonjwa alipofariki, Broca aliupasua ubongo wake akakuta jeraha sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Habari hii husimuliwa sana kwa sababu ya jeraha. Kinachosahauliwa ni kwamba Broca mwenyewe aliandika kuwa mtu yule, kwa "tan" yake na ishara za mkono, aliweza kueleza mengi ya aliyoyakusudia.

Nahodha amebakiwa na "ee", "la", "basi" na "ile ile". Amebakiwa pia na maamkizi yote, na husoma Suratul Fatiha mwanzo hadi mwisho bila ya kukwama. Jambo hili la mwisho ndilo lililomletea matata zaidi nyumbani, kwa kuwa watu walijiuliza, na wengine wakasema mbele yake, vipi mtu asome Fatiha yote kisha ashindwe kuomba maji. Wapo waliohitimisha kuwa ni ukaidi. Daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alikwisha kueleza katika karne ya 19 kwamba maneno ya mazoea, kama vile dua, viapo, maamkizi na hesabu, huweza kusalimika pale ambapo uwezo wa kuunda sentensi mpya umeharibika. Fatiha imo kifuani tangu utotoni. "Nipe maji" ni sentensi inayotakiwa kujengwa sasa hivi.

Tarakimu nazo huzifikia kwa njia hiyo ya mazoea. Hawezi kusema "sita" moja kwa moja. Hana budi kuanza "moya, mbili, tatu", kwa Kiamu chake, apande ngazi mpaka afike, kisha asimame na kupiga kitu kwa kiganja cha kushoto ili tujue kuwa ndipo hapo. Ninalitaja hili ili isidhaniwe kwamba neno lilikuwa likimponyoka. Kila "sita" aliyoitamka ilimgharimu kazi.

Sasa siku zile nne. Binti yake, ambaye ndiye anayemuuguza, alisikia "sita" akaielewa kuwa ni saa sita ya mchana, wakati wa dawa. Akampa dawa, akasema "la". Akaleta chakula mapema. Akahesabu vidonge vilivyobaki. Akauliza kama kuna mtu anayemdai shilingi elfu sita, akampigia simu ndugu yake kuhakikisha. Nahodha alipoonyesha juu kwa kidole, binti aliwasha feni. Alipoonyesha tena, aliizima. Mwisho wake alirudia utaratibu ambao nyumba ile ilikuwa imejizoesha tangu miezi ya mwanzo: humshikia baba yake kitu mbele ya uso, akauliza, "Baba, hiki ni nini? Sema: ki-ko-mbe." Siku ya tatu Nahodha alisema "ile", akaonyesha juu, naye akamsahihisha kwa upole: "Usiseme ile tu, Baba. Taja kitu chenyewe."

Tusimlaumu haraka. Watafiti wa Uingereza na Ujerumani waliorekodi mazungumzo ya majumbani wamekuta jambo hilo hilo kwa wake na waume wa wenye afasia: meza ya chakula hugeuka darasa, na mwenye afasia huulizwa swali ambalo muulizaji ana jibu lake mkononi. Swali la namna hiyo halina haja na habari yoyote. Linachokitaka ni matamshi. Mtu anapojibu "kikombe" husifiwa, na akishindwa hufundishwa, na katika hali zote mbili jambo alilokuwa nalo moyoni limeahirishwa. Binti hakulijua hilo. Alikuwa akifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye mapenzi angekifanya ikiwa ameambiwa kwamba maneno yatarudi.

Njia niliyotumia kuichambua rekodi ni ile iitwayo uchambuzi wa mazungumzo, iliyoasisiwa Marekani na Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson. Makala yao ya mwaka 1974 ilionyesha jinsi watu wanavyopokezana zamu za kusema, na ile ya 1977 ikaonyesha kwamba msemaji anapokwama, waliopo humwachia kwanza nafasi ajirekebishe mwenyewe kabla ya kumwingilia. Nafasi hiyo kwa kawaida ni fupi mno. Jefferson baadaye aliona kuwa katika mazungumzo ya Kiingereza aliyoyapima, kimya kikifika takriban sekunde moja watu huanza kukishughulikia, na sidhani kuwa barazani Lamu tuna subira kubwa zaidi. Mwenye afasia anahitaji sekunde nyingi kuliko hizo, na wenzake wakizijaza, zamu yake imekwisha kuliwa.

Ruhusa ya kurekodi niliiomba kwake mwenyewe siku mbili tofauti, na kwa maswali yaliyogeuzwa, kwa sababu "ee" ya mwenye afasia huweza kutoka pale ilipokusudiwa "la". Siku ya kwanza niliuliza, "Nirekodi?" akasema "ee". Siku ya pili niliuliza, "Niizime simu?" akasema "la". Wenzake wa barazani nao walikubali, mmoja kwa sharti kwamba sauti yake isifike kwa mkewe.

Tulikuwa watano. Nahodha aliketi mwisho wa baraza, ubavu wa kulia ukiwa umeegemea ukuta. Kushoto kwake alikuwa mzee aliyekuwa baharia wake kwa miaka mingi, nitamwita Baharia. Kando yake fundi seremala, jirani. Muuza kahawa alikuwa amesimama na dele lake la shaba, akimimina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kipago cha mlango, nimeishika simu.

Nahodha alipanda ngazi yake, "moya, mbili, tatu, nne, tano, sita", akapiga jiwe. "Sita. Ile ile."

Baharia hakuuliza "sita nini?", swali ambalo nyumbani liliulizwa mara zisizo na idadi na ambalo kwa mtu asiye na maneno ni sawa na kumwambia aseme lile lile lililomshinda. Aliweka kikombe chini, akageuza mwili wote kumkabili. Zilipita sekunde tano.

"Ni saa?"

"La."

"Ni siku?"

"La."

"Ni mwezi?"

"Ee... la... ile."

Jibu hili la tatu ndilo kiini cha kisa. Kwa maandishi linaonekana ni vurugu: ndiyo, siyo, ile. Kwenye rekodi sauti yake inapanda kwenye "ee", inashuka na kusita kwenye "la", kisha inaning'inia kwenye "ile", na mkono wa kushoto unapeperuka kama mtu apimaye uzani. Baharia aliisikia kuwa na maana ya "umekaribia". Fundi hakuisikia hivyo, akarukia: "Mwezi wa sita? Lakini Juni umeshapita, Nahodha, na hiyo mvua pia imepita, sasa wataka nini?" Hapo Nahodha alitoa "la" tatu za kukatakata, uso umekunjamana, na nilidhani mazungumzo yamevunjika kama yalivyokuwa yakivunjika ndani.

Baharia aliinua kiganja upande wa fundi. Kisha akasema, si kwa kuuliza, "Ni mwezi. Lakini si Juni."

"Ee."

Kikafuata kimya cha sekunde tisa. Punda wawili wenye mifuko ya saruji walipita, sote tukakunja miguu. Muuza kahawa, akiwa amewapa mgongo, akimimina kikombe cha fundi, alisema kama mtu anayejisemea, "Mfungo Sita."

"Ee! Ee! Ile ile! Ile ile!"

Kwa asiye wa pwani, hesabu yetu ya miezi ya Kiislamu huanza baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, na Lamu Maulidi ni yale ya Msikiti wa Riyadha, ambayo pamoja na kusomwa huja na wageni, mashindano ya punda na ya mashua. Kiswahili kilikuwa kimemtegea mtego Nahodha, kwa kuwa "sita" inaweza kuwa saa, tarehe, mwezi wa Kizungu, mwezi wa Kiislamu, bei au idadi, na neno la kutenganisha yote hayo ndilo alilokuwa hana.

Utafiti unaoielezea hatua hii vizuri kuliko wote ninaoujua ni wa Charles Goodwin, aliyekuwa mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliyeyachunguza mazungumzo ya baba yake mwenyewe. Baba huyo, Chil, alikuwa wakili New York, na baada ya kiharusi alibaki na maneno matatu tu ya Kiingereza, yenye maana ya "ndiyo", "hapana" na "na". Goodwin alionyesha kuwa kwa maneno hayo, pamoja na kiimbo, macho na mkono, Chil aliweza kuwafanya wengine watamke sentensi alizozitaka yeye. Wao walikisia, yeye akakubali au kukataa, na kukataa kwake kulikuwa na viwango: kulikuwako "hapana" ya kufuta na "hapana" ya kuelekeza. Nilipousoma mara ya kwanza niliuona kuwa ni wa kushangaza lakini wa mbali. Siku ile barazani niliyasikia "la" mbili za Nahodha, ile aliyomjibu Baharia na ile aliyomjibu fundi, na hazikufanana hata kidogo.

Watafiti wa Kifini, Minna Laakso na Anu Klippi, walieleza mwaka 1999 mfuatano wa kudokeza na kukisia ambao huzaliwa pale mwenye afasia anapotafuta neno na wenzake wakaingia kumsaidia. Katika rekodi yangu ubora wa Baharia hauko katika kukisia kwake, maana hakupata. Uko katika mpangilio. Alianza na mafungu makubwa kabla ya vitu, akauliza jambo moja kwa zamu, akangoja, na kilichokubaliwa akakiweka wazi kwa sauti ili kisipotee. Fundi aliweka mambo matatu katika pumzi moja: mwezi, mvua, na matakwa. "La" ikitoka hapo, nani atajua imekataa lipi?

Baada ya mwezi kujulikana, Baharia aliendelea. "Kusoma?" "La." "Wageni?" "La." "Punda?" "La," na kicheko kidogo. Kisha kwa uso mkavu kabisa: "Wataka mke mpya Mfungo Sita?" Nahodha hakujibu upesi. Aliinua macho hadi dirisha la binti yake, akahakikisha limefungwa, akasema "laaa" ndefu ya kusikika mtaa mzima, kisha, kwa sauti ya chini, "ee". Fundi aliangusha kahawa. Ninaiweka sehemu hii katika uchambuzi ingawa haikusogeza habari hata hatua moja. Mtu aliyeonekana nyumbani kuwa hajui anachokisema alipanga mzaha wenye hatua tatu kwa maneno mawili, na akaupigia wakati wake barabara.

Kahawa iliyomwagika ilimpa Nahodha wino. Alichovya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akachora juu ya jiwe mstari ulioinama, kisha wa pili, kisha wa tatu wa kufunga. Pembetatu. Ilianza kukauka kabla hajamaliza, akaichovea tena. Nyumbani alipewa kalamu na daftari mara nyingi, akakataa kwa hasira, nasi tukaandika kwamba hawezi kuchora. Halafu aliunyanyua mkono juu ya kichwa, akauvuta chini mara mbili kwa nguvu, kama avutaye henza, ile kamba ya jahazini.

"Tanga," alisema Baharia.

"Ee." Akaonyesha juu na nyuma, kuelekea ndani ya nyumba.

"Lile lililofungwa kwenye boriti. Wataka lishushwe."

"Ee."

"Apewe mtu." "Ee." Baharia akataja jina; "la". La pili, "la". La tatu lilikuwa la ndugu yangu mdogo, mwana wa dada yake, ambaye mwaka huo alikuwa amejiandikisha kushindana kwa mashua. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikirekodi, na jina hilo halikunipitia akilini kwa siku nne.

Baharia aliikamilisha: "Tanga lililo juu lishushwe, litazamwe, lishonwe, apewe kijana kabla ya Mfungo Sita." Nahodha alimwangalia, akasema, "Basi." Sentensi ilitamkwa na mmoja na mwenyewe ni mwingine, na hakuna aliyekuwa barazani aliyechanganyikiwa kuhusu nani kasema.

Huko Toronto, Aura Kagan na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti ulioonyesha kuwa watu wa kujitolea waliofundishwa mbinu za kumsaidia mwenye afasia, kama kuandika neno kuu, kutumia picha na kuhakikisha jibu, waliendesha mazungumzo bora kuliko wasiofundishwa, na wenye afasia wenyewe wakaonekana kushiriki zaidi ingawa hao hawakupewa mafunzo yoyote. Nakubaliana na matokeo hayo, na mbinu hizo ningependa zifike kila kaunti, hasa kwa vile wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Hata hivyo hakuna kitabu cha picha ambacho kingetupa Mfungo Sita. Kilichotupa ni mtu ambaye kwa miaka ameuza kahawa kwa kufuata miezi hiyo.

Baraza lina upungufu wake pia, na upungufu huo ni mzito: binti hawezi kuketi hapo. Yote yaliyofanikiwa nje yalifanyika mahali asipokuwapo yeye ambaye ndiye mwenye kuyahitaji zaidi. Nilimwonyesha rekodi usiku ule, baada ya kufuta mzaha wa mke. Aliitazama kimya mpaka kwenye zile sekunde tisa, akanisimamisha. "Mbona hawasemi kitu?" Nikamwambia wanangoja. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Kisha akasema jambo ambalo nimelipa uzito kuliko nilivyokuwa nimekusudia: kwamba wazee wale wanakuja na saa nzima isiyo na kazi, na yeye ana sufuria motoni, nguo za kufua, dawa za saa tatu na mtoto wa kumpeleka chuoni. Sekunde tisa za barazani na sekunde tisa za jikoni si kitu kimoja. Tangu hapo ameacha vikombe, na huanza kwa "ni mtu au ni kitu?", ingawa mara nyingi huuliza akiwa anakuna nazi, mgongo umeelekea kwa baba yake, na hapo nusu ya jibu, ile iliyo mkononi na usoni, humpita.

Tanga lilishushwa Ijumaa. Panya walikuwa wameikata pembe moja, na fundi wa kushona akataka siku sita, jambo lililomfurahisha Nahodha kupita kiasi.

Limebaki jambo moja kwenye rekodi. Dakika ya kumi, baada ya "basi", watu wakiwa wameanza kuzungumzia bei ya mafuta ya boti za kwenda Mokowe, Nahodha anapanda tena ngazi yake kwa sauti ya chini, "moya, mbili, tatu, nne, tano, sita", halafu ananitazama mimi. Hapigi jiwe. Nami, nikiwa nimeridhika na rekodi yangu, ninasikika nikimjibu "ee, Mjomba" kwa sauti ya mtu aliyefahamu. Nimeisikiliza mara nyingi. Haikuwa juu ya tanga, maana hakuinua mkono, na sikujua wakati ule wala sijui sasa alikusudia nini. Wiki mbili baadaye nilimchezea kipande hicho, nikaanza kwa utaratibu kama Baharia: "Ni saa? Ni siku?" Aliisikiliza sauti yangu ikitoka kwenye simu ikisema "ee, Mjomba", akainua mkono wa kushoto akaigeuza simu kifudifudi juu ya jiwe. "Basi," alisema.